Simu Inayoshika Mtandao

Yunisi alikuwa amepita miaka hamsini alipoingia kwenye duka la simu kwa mara ya kwanza maishani mwake, na aliingia na swali moja tu. Alitaka kujua, kati ya simu zote zile zilizopangwa ndani ya kabati la kioo, ni ipi itakayoshika mtandao nyumbani kwake Mwamgongo. Si pale juu kwenye jiwe, alisisitiza. Nyumbani, kibarazani, karibu na kiti cha mume wake.

Muuzaji, kijana aitwaye Erick, alizaliwa Kigoma mjini akakulia hapo hapo, na Mwamgongo alikuwa akiisikia tu kwenye matangazo ya vifo redioni. Akacheka kwa adabu.

"Maza, hizi zote zinashika mtandao. Wewe niambie bajeti yako, halafu tuangalie kamera, tuangalie RAM, tuangalie betri."

"Mwanangu, mimi sikuja kwa ajili ya kamera."

"Wote mnasema hivyo. Ukishajipiga picha ya kwanza utarudi hapa kunishukuru."

Hakuwa kijana mbaya, na hilo lisemwe mapema, maana wapo watakaotaka kumlaumu. Alimvutia mama wa watu stuli, akampa maji ya kunywa, akamweleza mambo ya GB kwa mfano wa magunia na ghala mpaka Yunisi akaelewa. Wauzaji wangapi wa mjini wangemfanyia hivyo mwanamke wa kandambili anayenukia dagaa?

Sasa tuseme kwa nini Yunisi alikuwa pale, maana si mtu wa kutamani vitu vya dukani. Mwamgongo ni kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa Gombe. Gari haifiki. Ukitaka kwenda mjini unapanda boti mpaka Kibirizi, na ukitaka kuongea na mtu aliye mjini unapanda mlima. Kule juu, nyuma ya mashamba ya mihogo, kuna jiwe kubwa ambalo watu wamelibatiza jina la Posta, kwa sababu ndipo mtandao ulipokuwa ukipatikana kwa uhakika. Misiba ya kijiji kizima ilisikika Posta kwanza. Mahari zilijadiliwa pale watu wazima wakiwa wamesimama kwa mguu mmoja, simu zimeinuliwa juu. Yunisi mwenyewe alikwea Posta kwa miaka kumi na miwili, na kitochi chake, kisimu cha vibonye kilichofungwa mpira, kuwauliza wachuuzi wa mjini bei ya dagaa imeamkaje.

Mume wake, Feliksi, alikuwa fundi wa maboti. Boti nyingi zilizolala ufukweni pale zilipita mikononi mwake. Alikuwa na desturi ya mafundi wote: ubao ukishapigwa randa anauinua usawa wa uso, anafumba jicho moja, anautazama kwa urefu kama umenyooka. Feliksi alifumba la kulia na kutazama kwa la kushoto. Hivyo ndivyo alivyofundishwa na hivyo ndivyo alivyofanya kwa miaka thelathini, na ndiyo sababu jicho la kulia lilikufa taratibu bila mwenyewe kujua. Siku moja vumbi la mbao likamwingia jicho la kushoto. Akalifumba, akafumbua la kulia ili amalizie kazi, na ubao haukuwepo. Mikono ilikuwa imeushika, uzito wake anausikia, lakini mbele yake palikuwa na ukungu tu. Alimwita mkewe kwa sauti ambayo Yunisi hakuwahi kuisikia.

Mjini daktari akawaambia ni presha ya macho. La kulia limekwisha, na kilichokwisha kuondoka hakirudi. La kushoto nalo limeanza kuliwa pembeni, ila bado linaweza kuokolewa. Kulikuwa na timu ya madaktari bingwa inayokuja mwezi wa sita kwa majuma mawili. Jina la mgonjwa liliandikwa. Utaratibu ulikuwa hivi: watume picha ya karatasi za vipimo kwa WhatsApp, halafu wakae tayari, watapigiwa simu kati ya tarehe tatu na tarehe kumi na nne. Asiyepatikana kwa siku mbili, nafasi yake anapewa mgonjwa mwingine, kwa sababu wahitaji ni wengi na bingwa ni mmoja.

Watapigiwa simu. Maneno hayo mawili Yunisi alitembea nayo tangu hospitalini mpaka Kibirizi, na ndani ya boti hakusikia lingine. Kitochi chake nyumbani hakishiki kitu. Kukaa Posta kutwa nzima asingeweza, kwa sababu Feliksi hakuachika tena peke yake. Mara mbili alikuwa amekutwa akielekea majini akidhani anaelekea chooni. Mtoto wao wa pekee, Yona, alikuwa kwenye machimbo ya dhahabu upande wa Mpanda, na kupatikana kwake kulitegemea bahati.

"Uza randa," Feliksi akasema jioni ile.

"Randa?"

"Na tezo, na kekee, na misumeno yote miwili. Uninunulie simu ya kuniitia. Nikipona nitaazima vifaa, nitaanza upya."

Fundi mmoja wa Kagunga akavinunua vyote kwa siku moja. Hiyo ndiyo pesa aliyokuja nayo Yunisi, imefungwa kwenye pindo la kitenge, na ndiyo maana hakuwa na haraka.

Erick akamtolea simu tatu. Ya kwanza ilikuwa ya bei ya chini, nyepesi, na ukiigusa inafikiri kwanza. Ya tatu ilikuwa ya wakubwa, inang'aa nyuma kama sahani mpya, na bei yake ingetosha kununua mashine ya boti iliyotumika. Ya pili ilikuwa ya katikati. Betri kubwa, kioo kipana chenye herufi za kusomeka, kamera ya kuridhisha, na bei yake ilikuwa inaingia ndani ya pesa ya vifaa vya Feliksi na kubakiza chenji ya nauli na kifurushi.

"Hii ya katikati ndiyo chaguo la watu wengi," Erick akasema. "Matumizi ya kila siku, haikuangushi."

Lakini Yunisi ni mtu wa dagaa, na mtu wa dagaa hanunui kwa maneno. Huingiza mkono mpaka chini ya gunia kuona kama mchanga umefichwa. Aliuliza, "Duka lenu lina stoo?" Lilikuwa nayo, nyuma, chumba kisicho na dirisha, kuta nene za zamani. Akaomba simu zote tatu ziwekwe laini za mtandao mmoja, akazibeba, akaingia nazo stoo, akafunga mlango. Watu dukani wakaanza kucheka. Yeye mle gizani, katikati ya maboksi, aliziweka sakafuni akachuchumaa kuzitazama kama anayetazama vifaranga. Ya bei ya chini ilipoteza mtandao kabisa. Ya wakubwa ikabaki na mistari miwili. Ya katikati ilishuka, ikatetereka, kisha ikapanda tena mpaka mistari minne, ikakaa hapo hapo.

Alitoka stoo ameishika ile moja.

"Hii ina nguvu," akasema.

"Maza, wewe ni fundi!" Erick akapiga makofi, na kweli alifurahi. "Sasa ngoja nikufungulie kila kitu humu ndani. Huko kwenu milimani mtandao unasumbua, kwa hiyo naiweka ijitafutie yenyewe. Popote penye mtandao wenye nguvu inaunasa. Hutagusa kitu."

Akamwekea WhatsApp. Akampigia picha zile karatasi za vipimo, akazituma kwenye namba ya hospitali, na kabla Yunisi hajamaliza soda yake jibu likaja: zimepokelewa, mgonjwa akae tayari. Yunisi aliusoma ujumbe ule mara tatu. Mle dukani, mbele za watu, machozi yakamlengalenga.

Nyumbani Feliksi aliipokea simu kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba kwenye kingo zake, polepole, pande zote nne.

"Wameipiga randa vizuri," akasema.

Usiku ule ule Elinipa, muuguzi wa zahanati ya kijiji, binti wa Same aliyeletwa na ajira, akawapigia kuijaribu. Simu ikaita pale pale kibarazani, kwa sauti kubwa. Majirani wakaja kuona. Feliksi akacheka mpaka akakohoa. Tangu jicho lake lilipoanza kuondoka, ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kusikia kicheko cha mwenye nyumba, na Yunisi alilala akijiona amefanya jambo moja la maana katika maisha yake.

Tarehe tatu ikafika. Akaitundika simu kwenye msumari juu ya kiti cha Feliksi, ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe, na kila alipotoka kugeuza dagaa mchangani alirudi kuchungulia mistari. Minne. Akienda kuteka maji, akirudi, minne. Hakuwahi kuona simu yenye mtandao wa namna ile. Kitochi kilikuwa kimemfundisha jambo moja kwa miaka yote ile, kwamba mistari isipokuwepo ukwee mlima, na ikiwepo utulie. Basi akatulia.

"Siku hizi hatukuoni Posta," jirani yake Agnesi akamtania wakiwa mchangani.

"Posta imenifuata nyumbani," Yunisi akajibu, na alijibu kwa maringo kidogo. Tumsamehe. Hakuwa na kitu kingi cha kuringia.

Kulikuwa na vijimambo. Saa ya simu ilikuwa nyuma kwa saa nzima. Redio ikisema ni saa mbili, simu inasema saa moja. Waliichekea tu. "Kitu kipya hicho, bado hakijazoea kuamka," Feliksi alisema. Siku nyingine ukaja ujumbe mrefu wa Kifaransa, na Yunisi, aliyezoea ujumbe wa bahati nasibu na wa mikopo, akaufuta. Siku moja alijaribu kumpigia Yona, akajibiwa na sauti ya mwanamke anayeongea maneno asiyoyajua, akadhani huko machimboni ndiko kumeharibika. Pembeni ya ile mistari minne kulikuwa na kiherufi kidogo, kidogo kama yai la chawa, ambacho siku ya kwanza hakikuwepo. Alikiona. Ila mtu mwenye mistari minne anatafuta nini kwenye viherufi?

Tarehe saba. Tarehe tisa. Feliksi alinyolewa ndevu, akavaa shati safi kila asubuhi, ili akiitwa tu wasikose boti. Begi lilikuwa limefungwa mlangoni. Alikuwa bado anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa: akikugeukia sawasawa anakuona uso, ukisogea hatua moja umepotea. Kila jioni aliuliza, "Mtandao upo?" Na Yunisi akajibu, bila kudanganya kwa anavyojua yeye, "Upo, umejaa."

Tarehe kumi na tatu hakuna aliyekula chakula cha mchana. Tarehe kumi na nne, asubuhi, Yunisi akamwomba Agnesi amkalie Feliksi kidogo, akachukua simu aende zahanati kumuuliza Elinipa kama ana habari yoyote ya wale madaktari. Njia ya zahanati inapanda kwanza, inapita ubavuni mwa yale mashamba ya mihogo, kisha inashuka upande wa pili. Alipofika juu, karibu na Posta, simu ikaanza kutetemeka mkononi mwake.

Ilitetemeka na haikuacha. Ujumbe juu ya ujumbe. Ulipigiwa simu na namba hii tarehe tano, saa tatu asubuhi. Ulipigiwa na namba hii tarehe tano, saa tano. Saa nane. Saa kumi. Tarehe sita, saa mbili. Tarehe sita, saa sita. Tarehe sita, saa tisa na nusu. Mara saba. Na mwisho, ujumbe wa mtu aliyejitahidi: "Mzee Feliksi tumekutafuta siku mbili bila mafanikio. Kama unapata ujumbe huu piga haraka, tunakushikia nafasi mpaka kesho saa nne."

Hiyo kesho ilikuwa imepita siku saba zilizopita.

Yunisi alikaa chini, pale pale njiani, katikati ya mihogo. Alipofika zahanati alimkabidhi Elinipa simu tu.

"Shikamoo mama. Mama, una nini?" Elinipa akasoma. Akaingia ndani ya mipangilio ya simu, akaangalia, akafumba macho kidogo. "Mama, hii simu ikiwa kwenu inashika mnara wa Burundi."

"Inashika mtandao. Mistari minne."

"Ya Burundi. Ina nguvu sana, inauvuta kutoka ng'ambo kule. Ndiyo maana saa inarudi nyuma, wenzetu wako nyuma yetu kwa saa moja. Na hiki kiherufi maana yake simu inajiona iko nje ya nchi. Ukiwa nje ya nchi hata kupokea simu kunakatwa salio, na wewe una kifurushi tu, salio huna. Kwa hiyo anayekupigia anaambiwa hupatikani, na ujumbe wake unasubiri mpaka urudi kwenye mtandao wa kwetu."

"Ile ya kwanza ilishika. Wewe si ulinipigia?"

"Siku ile ilikuwa imeshika ya kwetu. Inachagua yenye nguvu." Elinipa alikuwa akilia sasa, binti wa watu, na hakuwa na kosa lolote. "Hata kile kitochi chako, mama, kingekuwa kimekaa tu bila mtandao, na wewe ungekwea Posta."

Hilo la kitochi afadhali asingelisema. Lakini alikuwa ameshalisema.

Wakapiga simu hospitali. Mtu aliyepokea alikuwa mpole. Nafasi ilikwishachukuliwa na mgonjwa mwingine. Bingwa alikuwa akifunga vyombo, na kesho asubuhi ana ndege. Aliuliza kama mgonjwa anaweza kufika leo. Boti ya kwenda Kibirizi ilikuwa imeondoka alfajiri. Mtu yule akasema pole sana mama, mwakani wanakuja tena, jina tunalibakiza. Yunisi akasema asante. Alisema asante, na miaka yote ijayo atajiuliza alikuwa akishukuru nini.

Njia ya kurudi aliitembea taratibu, akipanga maneno. Atamwambia Feliksi ukweli wote, kwamba walipiga, kwamba simu ndiyo iliyowasaliti, simu aliyoichagua yeye kwa werevu wake wa kuingia stoo. Alipofika, Feliksi alikuwa amekaa kibarazani na shati lake safi, uso ameuelekeza kwenye sauti ya nyayo zake.

"Wanasema nini?"

"Wanasema," Yunisi akaanza, na maneno aliyokuwa ameyapanga yote yakamkimbia. "Wanasema watu walikuwa wengi mno. Hawakutufikia."

Feliksi akaanza kufungua vifungo vya shati.

"Basi," akasema. "Ni kawaida yao. Sisi wa huku hawana habari na sisi."

Uongo ule ulikuwa mdogo, na ungeweza kubaki mdogo. Balaa lake lilikuja majuma mawili baadaye, pale Elinipa alipokuja na karatasi ya rufaa ya Mwanza. Alikuwa amehangaika, amepiga simu huku na huku. Kule kuna madaktari mwaka mzima, alisema, kinachotakiwa ni mgonjwa afike, na afike upesi. Agnesi na wanawake wenzake wa dagaa walikuwa tayari kuchangishana nauli.

Feliksi akakataa.

"Niende Mwanza nikalale kwenye korido, nisubiri kuitwa na watu wale wale? Hawa wa hapa jirani walisema watapiga, hawakupiga hata mara moja. Mimi nimeuza vifaa vyangu kwa ajili ya kuwasubiri. Siwezi kudhalilishwa mara mbili."

"Baba Yona, pengine hawa wa Mwanza..."

"Walipiga hata mara moja?" akamuuliza. "Wewe si ndiye uliyekuwa na simu? Sema, mama Yona. Walipiga?"

Elinipa alimtazama Yunisi. Yunisi alitazama sakafu. Hapo ndipo mlango ulipokuwa wazi, na neno moja tu lilitosha: walipiga, mara saba, walikutafuta, hawakukudharau. Angesema hivyo, mzee yule mkaidi angeinuka siku hiyo hiyo, maana kilichomlaza hakikuwa ugonjwa peke yake, ilikuwa ni ile fikra kwamba hahesabiki. Ila kusema hivyo kulikuwa kusema pia: ni mimi. Alifungua kinywa.

"Hawakupiga," akasema.

Elinipa aliikunja karatasi ya rufaa, akaiweka juu ya meza, akaondoka bila kuaga. Hata leo hawasalimiani kama zamani.

Baada ya hapo hakuna la kusimulia ambalo mtu hawezi kulikisia. Lile tundu la kitasa likazidi kuwa dogo. Mwezi wa nane Feliksi alikuwa bado anamwona mke wake akimsogelea karibu kabisa. Mwezi wa kumi alikuwa akiona mwanga wa mlango na basi. Mvua zilipoanza aliomba afunguliwe dirisha, nalo lilikuwa wazi tangu asubuhi. Yunisi alilifunga kimya kimya, kisha akalifungua kwa kishindo ili asikie. Karatasi ya Mwanza ilikuwa bado pale mezani, chini ya kibuyu cha chumvi. Siku zote alisema atasema kesho, mpaka ikawa kusema hakuna faida tena kwa mtu yeyote isipokuwa kwake mwenyewe.

Simu ilibaki. Ilikuwa imerekebishwa siku ile ile pale zahanati, haikuvuka ng'ambo tena, na ikishika mtandao wa nchi ilishika kwa siku kadhaa mfululizo. Ikawa ndiyo rafiki wa Feliksi. Alisikilizia redio humo, mpira na mahubiri, na akajifunza kupokea kwa kupapasa, kidole kinapanda kutoka chini ya kioo. Wazee wenzake wakija kumjulia hali alikuwa akiwaonyesha. Leonardi, mwenye maboti, aliyekuwa mteja wake wa miaka mingi, alikuja siku moja na samaki wake, na Yunisi akiwa jikoni akawasikia wakisalimiana kwa Kiha.

"Mwiriwe, fundi. Naona una chombo cha maana."

"Ego. Huyu mke wangu ndiye aliyeichagua. Aliingia nazo stoo, Leonardi, tatu, akafunga mlango! Watu wakamcheka. Lakini tazama, haijawahi kukosa mtandao hata siku moja. Hospitali ndio walikuwa waongo. Simu haina kosa."

Leonardi akasifu. Yunisi alikuwa akikata muhogo juu ya ubao, akaendelea kukata, na alipotazama chini alikuwa amekwisha kuukata wote na sasa anaukata ubao.

Mwaka ukazunguka. Ukaingia mwezi wa tano, majuma ya usiku wa giza ambapo dagaa huwa wengi, na wanawake wote walikuwa mchangani tangu asubuhi. Yunisi alirudi mchana na beseni kichwani. Kabla hajafika kibarazani alimwona Feliksi ameishika simu mapajani kwa mikono yote miwili, redio imezimwa. Jambo hilo halikuwa kawaida.

"Kuna aliyepiga?" akauliza.

"Watu wa hospitali."

Yunisi akasimama alipokuwa.

"Wanamtafuta Feliksi mmoja," mume wake akasema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ya mtu anayetaja bei ya misumari. "Dada mmoja mwenye sauti nzuri. Anasema mwaka jana walimpigia siku mbili nzima, mara saba, wakamwandikia na ujumbe, hapatikani. Walimshikia mpaka nafasi. Anasema ilimuuma sana, ndiyo maana mwaka huu ameanza na yeye."

Mchangani watoto walikuwa wakifukuza kunguru kwenye dagaa. Beseni lilikuwa bado kichwani mwa Yunisi, na maji ya samaki yalianza kumtiririkia shingoni.

"Nimemwambia amekosea namba," Feliksi akasema.

Halafu akaunyoosha mkono wenye simu mbele yake ili mkewe aipokee. Aliunyoosha kuelekea mlangoni. Yunisi alikuwa upande wa ziwa, hatua tatu kutoka pale, na hakusogea wala hakutoa sauti ya kumwonyesha yuko wapi. Mkono ukabaki umenyooka hivyo hivyo, unasubiri.